Nimepewa usupavaiza, wenzangu wamenigeuka

SWALI: Shikamoo anti. Nina miaka 29, nipo kiwanda cha mikate hapa Mwanza mwaka wa sita sasa. Miezi miwili nyuma bosi kanipa usupavaiza wa shifti ya usiku, watu 11, wote nilikuwa nakanda nao unga na kula nao sahani moja. Sasa nikisema mikate itoke saa tisa inatoka saa kumi, gari za kusambaza zinasubiri nje. Wiki iliyopita kijana wa oveni kaunguza trei nne, nikamsema kwenye grupu la WhatsApp ili wengine wajifunze na nikaandika atakatwa mshahara, tangu hapo hata salamu wanaitikia kwa shida. Niwe mkali zaidi au nirudi kuwa mshkaji wao?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nianze na hilo la grupu maana ndo kidonda chenyewe. Ulichoandika wamekisoma wote na kila mmoja kajua siku yake ikifika itakuwa hivyo hivyo, kwa hiyo kuanzia sasa mtu akiharibu kitu atakificha kwanza. Ulimsema mbele ya wote basi na radhi iombe mbele ya wote, mistari miwili inatosha, kwamba trei ziliungua kweli ila ulikosea kumwanika huko. Afu mwite pembeni umuulize kilitokea nini, na uulize kama mtu asiyejua jibu, maana inawezekana aliachwa peke yake huku anafungasha huku anachungulia oveni, au ule ulikuwa usiku wake wa nane mfululizo bila ofu.

Na mshahara haukatwi kwa mdomo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka kwa makato ya hasara mfanyakazi akubali kwa maandishi, iwe kosa ni lake kweli, apewe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Yaani ulimtishia kwa kitu ambacho hakipo mkononi mwako.

Sasa ratiba ya shifti, hapa naomba unisikilize sana. Mi nimesimamia jiko la hoteli miaka minne, na kwa nilivyoona supavaiza anapimwa kwenye ratiba kuliko kwenye maneno yake. Kuna mwezi nilimpa rafiki yangu ofu za Jumapili zote nne, wala sikukusudia, nilijaza tu haraka haraka, wenzake wakaiona siku hiyo hiyo ilipobandikwa na mimi nikaja kushtuka mwezi umeisha na watu wamenuna. Baada ya hapo nikawa naiandika kwa penseli, naibandika siku tatu kabla, watu waseme, huyu ana mtoto wa kupeleka kliniki, yule ana msiba, mwingine anataka kubadilishana, ndo naipitisha kwa kalamu. Manung'uniko yalipungua sana.

Na kwa kuwa watu wako ni wa usiku, sheria hiyo hiyo inasema kazi ya kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa, na ovataimu ni mara moja na nusu. Angalia kama wanalipwa, kama hawalipwi nenda wewe kwa bosi, karatasi mkononi, kabla hawajakuomba. Mpaka leo wamekuona ukishusha maagizo tu, shida yao hata moja hujawahi kuipandisha juu.

Kuhusu kuchelewa, usiende kufoka kwenye oveni saa tisa. Unga ukiwa umekandwa kwa kuchelewa, au usiku wa baridi haukuumuka mapema, oveni haiwezi kuurudisha huo muda. Usiku mmoja kaa na daftari, andika saa unga ulipoingia kwenye mashine, saa ulipoumuka, saa ulipoingia oveni, utaona muda unapotelea wapi, afu waonyeshe wenyewe, maana mafundi ni wao.

Mkali au mshkaji, wala usichague. Kula nao sahani moja endelea, ila kumteta bosi pamoja nao na kukopeshana hela acha kabisa.

SWALI: Anti, nasimamia godauni Tanga, kuna mzee ana miaka 57 mi nina 31, naona aibu kumwagiza.

JIBU: Mwamkie kwanza, shikamoo haikupunguzii cheo. Kabla kazi haijaanza mfuate alipo umuulize mzigo wa leo angeupanga vipi, kaona mizigo mingi kuliko wewe, ukikubaliana naye sema mbele ya wenzake kwamba wazo ni la mzee, usipokubaliana mweleze sababu mkiwa wawili. Afu agizo litoke kwako, fupi na la adabu, "mzee naomba leo tuanze na ule wa mlangoni", na akikataa usibishane naye mbele ya vijana, msubiri wakati wa chai.