Ndoo ya lita 20 iliponishinda

Maji ya bomba yalikuwa yamekatika tangu juzi yake, nikaenda kisimani kwa jirani na ndoo yangu ya lita 20. Nikaijaza, nikaweka ngata kichwani, nikainama kujitwika kama nilivyojitwika maelfu ya mara nilipokuwa msichana kule Lushoto. Ndoo ikafika magotini, ikafika mapajani, ikagoma. Nikajaribu tena, maji yakanimwagikia kwenye khanga. Binti mmoja wa darasa la sita alikuwa nyuma yangu akisubiri zamu yake.

"Shikamoo bibi. Nikutwishe?"

Nilikuwa na miaka 51. Mjukuu sina hadi leo.

Alinitwisha, na nikafika nayo nyumbani bila taabu yoyote. Hilo ndilo lililonifikirisha njiani: kubeba naweza, kunyanyua siwezi. Baadaye nilipoanza kusoma nikaelewa kwa nini. Misuli yetu ina nyuzi za aina mbili kuu. Kuna za polepole, zinazokutembeza mchana kutwa, na kuna za haraka, zinazokurusha juu ya mtaro, zinazokudaka unapojikwaa, zinazopandisha ndoo kutoka chini hadi kichwani kwa mkupuo mmoja. Umri hula zaidi hizi za haraka. Ndiyo maana mzee anaweza kutembea kilomita tano kwenda msibani, halafu akifika huko akashindwa kuinuka kwenye mkeka.

Kwa kawaida misuli hufikia kilele kati ya miaka ya 20 na 30 na kitu, kisha huanza kupungua. Makadirio yanayotajwa sana ni asilimia 3 hadi 8 kila miaka 10, na ukivuka 60 kasi inaongezeka. Nguvu zenyewe hupungua haraka kuliko ukubwa wa misuli, kwa hiyo usijipime kwenye kioo. Sisi wanawake tuna la ziada, kukoma hedhi, ambako huondoka na sehemu ya mifupa na misuli.

Ila nilipokaa na kujihesabia vizuri, niliona nikiusingizia umri peke yake nitakuwa mwongo. Nimefundisha miaka 26. Hapa Morogoro bomba langu liko uani, kuni nilishaziacha napikia gesi, bodaboda hunishusha mlangoni. Kitu kizito kuliko vyote nilichonyanyua mwaka ule pengine kilikuwa rundo la madaftari ya kidato cha pili. Nguvu zangu nyingine zilichukuliwa na miaka, sikatai, lakini nyingi niliziacha mwenyewe.

Kilichonipa moyo ni utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 1990. Watafiti waliwachukua wakazi 10 wa nyumba ya wazee huko Boston, wadhaifu, umri wao ukiwa karibu miaka 90, wakawafanyisha mazoezi ya miguu kwa uzito mkubwa, mara tatu kwa wiki, kwa wiki nane. Tisa walimaliza. Nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Kama bibi wa miaka 90 anaweza, mwalimu wa 51 ana udhuru gani?

Nikakimbilia jimu. Hapo ndipo nilipokosea, nanyi msinifuate. Kijana aliyekuwa anatufundisha alinipangia mazoezi yaleyale aliyowapangia vijana, nami kwa aibu ya kuonekana mzee sikusema kitu. Siku ya nne nilichuchumaa na chuma mabegani, nikasikia kiuno kimekatika. Wiki tatu nilivaa viatu nikiwa nimelala kitandani. Nilichojifunza ni hiki: wiki za mwanzo nguvu huja haraka mno, kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuamsha misuli ambayo ilikuwa imesinzia. Misuli yenyewe bado haijajengeka, na kano zinazoishika kwenye mfupa huchelewa zaidi. Kwa hiyo unajisikia simba wakati kamba zako bado ni za zamani.

Kiuno kilipopona nilianza upya nyumbani, kwa kiti na maji. Kiti kisicho na mikono, nimekiegemeza ukutani kisiteleze. Nakunja mikono kifuani, nasimama, nakaa. Siku ya kwanza nilifika tisa, mapaja yakaanza kutetemeka. Nilipofikisha 15 bila shida nikaanza kukumbatia kidumu chenye lita tatu. Maji yana hisani moja, lita moja ni kilo moja, mizani ya nini? Kila zoezi linapokuwa jepesi naongeza nusu lita. Halafu kuna kusukuma ukuta, ambako sasa nimeteremka hadi kwenye ukingo wa meza ya jikoni, na kuna kunyanyua dumu kutoka sakafuni mgongo ukiwa umenyooka, makalio yakirudi nyuma kama mtu anayefunga mlango wa gari kwa mwili. Nafanya Jumanne na Ijumaa, nusu saa. Shirika la Afya Duniani linashauri mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki, na hizo mbili ndizo ninazoweza bila kujidanganya.

Kipimo changu ni kwamba mara mbili za mwisho lazima ziwe ngumu. Ukiona unafika ya kumi huku unapiga soga, ongeza maji. Hapa najua rafiki zangu wa kutembea alfajiri watanuna, lakini kutembea hakutakurudishia ndoo. Ni kuzuri kwa moyo, kwa sukari, kwa usingizi, na umbea wa njiani ni mtamu. Nguvu za kunyanyua hujengwa kwa kunyanyua. Mtu mmoja aliniuliza, mbona shangazi zake kijijini wanalima kila siku na bado wanadhoofika? Jembe ni lilelile, uzito uleule, miaka 40. Mwili ukishalizoea, hauna sababu ya kuongeza kitu.

Mwenye presha apime kwanza na ahakikishe imedhibitiwa, na asibane pumzi anaponyanyua: pumzi itoke wakati mzigo unapanda. Misuli kuuma siku ya pili au ya tatu ni kawaida. Kiungo kikichoma papo hapo, acha.

Kuhusu chakula sitasema mengi. Chai na maandazi asubuhi, ugali na mchicha mchana, hapo misuli haina cha kujengea. Kwa watu wazima wenye umri mkubwa wataalamu wanapendekeza gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mimi nina kilo 68, na yai moja lina kama gramu 6 za protini, fanya hesabu uone nilivyokuwa mbali. Nimeongeza dagaa, maharage na mtindi. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari wake kwanza.

Linaloniuma zaidi ni la mama. Ana miaka 78, yuko Lushoto. Miaka mitano iliyopita sisi watoto tulikaa kikao, tukanunua tanki la maji, tukamtafutia binti wa kazi, tukachukua hata jembe lake tukampa jirani. "Mama, sasa pumzika." Tulijiona watoto wema kweli. Ndani ya miaka miwili akawa hawezi kuinuka kwenye kigoda bila kushikwa mkono. Kuna utafiti wa mwaka 2007 ambapo wazee wenye afya zao walilazwa kitandani siku 10 tu, wakapoteza karibu kilo nzima ya nyama ya miguuni. Siku 10! Sisi mama tulimkalisha miaka miwili, kwa mapenzi.

Nilipokwenda likizo ya Desemba nilimwomba radhi, nikamwonyesha zoezi la kiti. Alicheka, kisha akasema, "Mlinikalisha wenyewe, leo mnaniinua wenyewe." Sasa analifanya jikoni, mikono kwenye ukingo wa meza kwa usalama. Hataki kuhesabu. Anasimama na kukaa mpaka chai ichemke, na binti wa kazi ameniambia kwa simu kwamba siku hizi bibi anakataa kushikwa akitoka kitini. Jembe tumemnunulia jipya, dogo, la bustani.

Nina miaka 53 sasa. Maji yalipokatika tena mwezi uliopita nilijitwika lita 15 mwenyewe, bila kumwagikia khanga. Ya lita 20 naifikisha kifuani, kutoka hapo kwenda kichwani bado inanishinda. Yule binti yuko kidato cha kwanza siku hizi. Akiniona kisimani husogea karibu, nami humwambia asubiri kwanza ifike kifuani ndipo anitwishe.