Anwani ya IP inasema uko Dar, wewe uko Mwanza: nani kakosea?

Swali: Niko Mwanza, natumia bando la simu. Juzi nimepata barua pepe kwamba akaunti yangu imefunguliwa kutoka Dar es Salaam, na saa iliyotajwa ndiyo niliyoingia mwenyewe. Nikajaribu tovuti tatu zinazoonyesha mahali pa anwani ya IP: mbili zikasema Dar es Salaam, moja Dodoma. Je, nimedukuliwa? Na mtu akiipata anwani yangu ya IP anaweza kufika hadi nyumbani?

Jibu: Ikiwa saa ni ile uliyoingia na aina ya simu iliyotajwa ni yako, aliyeingia ni wewe mwenyewe. Kilichokosea ni jina la mji, linalokisiwa kutokana na anwani ya IP, yaani namba inayotambulisha muunganisho wako kwenye intaneti.

Ndani ya anwani ya IP hamna ramani. Mafungu ya namba hizi kwa Afrika hugawiwa na AFRINIC, yenye makao yake Mauritius, na daftari lake la wazi huonyesha kampuni iliyopewa fungu pamoja na nchi. Mtumiaji hayumo. Tovuti ulizojaribu husoma kanzidata za kampuni kama MaxMind na IP2Location, ambazo hukusanya taarifa za daftari hilo, vipimo vya muda wa majibu ya mitandao, na orodha ambazo baadhi ya watoa huduma huzichapisha wenyewe. Kila kampuni ina makisio yake, ndiyo maana tovuti tatu zimekupa miji miwili. Nchi huwa sahihi mara nyingi. Mji ni wa kubahatisha, hasa kwa simu. Mtaa na nyumba havimo kabisa.

Kwa simu sababu ni hii: data yako haiingii intaneti pale mnara ulipo. Husafirishwa ndani ya mtandao wa kampuni hadi kwenye lango, ambalo laweza kuwa mji mwingine kabisa, na anwani inayoonekana nje ni ya lango hilo. Mtu wa Mwanza, wa Bukoba na wa Kigoma wanaweza wote kutokea Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka alipo kila mmoja. Mwenye laini ya Tanzania anayetumia data yake akiwa safarini Dubai kwa kawaida bado huonekana yuko Tanzania. Faiba ya nyumbani hukaribia ukweli zaidi, na chuo au ofisi yenye fungu lake la anwani huweza kutambulika kwa jina.

Tena anwani hiyo si yako peke yako. Zima Wi-Fi, washa data, kisha kwenye Android fungua Mipangilio, Kuhusu simu, utazame anwani ya IP. Linganisha na ile inayoonyeshwa na tovuti. Kama ya kwenye simu inaanza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, wakati ya tovuti ni nyingine, uko nyuma ya NAT ya kampuni: wateja wengi wanachangia anwani moja ya nje, wakitenganishwa kwa namba za poti, yaani namba ya ziada ya kila muunganisho. (Linganisha anwani fupi zenye nukta, ile ndefu yenye nukta pacha ni IPv6.) Kwa faiba, usitazame simu, kwa sababu itakupa 192.168 ya ndani ya nyumba. Ingia kwenye ukurasa wa ruta usome anwani ya upande wa WAN, yaani unaoelekea intaneti.

Wengine hujaribu kupima umbali kwa pingi, yaani ujumbe mfupi unaotumwa kwenye anwani ili kupima muda wa jibu. Katika faiba mwanga husafiri takriban kilomita 200 kwa milisekunde, hivyo kila milisekunde moja ya kwenda na kurudi haizidi kilomita 100. Seva iliyoko Dar ikituma pingi kwenye anwani yako na kujibiwa ndani ya milisekunde 4, hiyo inathibitisha kwamba kifaa kilichojibu hakiko Mwanza. Lakini kilichojibu ni lango, si simu yako.

Hatari iko kwenye alama ya ramani. Kanzidata ya MaxMind, ilipojua tu kwamba anwani ni ya Marekani, iliweka alama latitudo 38, longitudo −97, katikati ya nchi. Hapo palikuwa na shamba jimboni Kansas. Anwani zaidi ya milioni 600 zilielekezwa hapo, na kwa miaka wakazi wake walifuatwa na polisi pamoja na watu waliotapeliwa. Jambo hilo lilipofichuliwa mwaka 2016, kampuni ilihamishia alama ndani ya ziwa. Kwa hiyo usisome alama bila duara lake la usahihi: kilomita 200 maana yake ni popote ndani ya duara hilo.

Tovuti ikionyesha nyumba yako kwa usahihi, haijaipata kwa IP. Umeiruhusu kujua mahali ulipo kupitia GPS au mitandao ya Wi-Fi iliyo jirani. Futa ruhusa hiyo kwenye kivinjari, fungua upya, nyumba itatoweka.

Anayeweza kuunganisha anwani na mteja ni mtoa huduma, naye hutoa taarifa hizo kwa vyombo vya sheria kwa utaratibu wa kisheria. Akiulizwa anahitaji anwani, namba ya poti, na muda hadi sekunde. Hapo sisi hujikwaa kwenye saa. Kumbukumbu za seva mara nyingi huandikwa kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu kwa saa 3: 17:00 ya seva ni 20:00 ya hapa, yaani saa 2 usiku. Ukiripoti utapeli ukaandika "saa 2" tu, kampuni ikatafuta 02:00, atapatikana mtu mwingine aliyekuwa akitumia anwani ileile wakati huo. Andika 20:00, utaje ni majira ya Afrika Mashariki.

Tahadhari nyingine ikija, anza na saa, kisha kifaa na kivinjari, kisha jina la mtoa huduma. Mji uwe wa mwisho. Kifaa usichokijua, au mtandao wa nchi nyingine wakati hutumii VPN (huduma inayopitisha data yako kwenye seva ya mahali pengine), ndiyo sababu ya kubadili nenosiri papo hapo, kuondoa vifaa vyote vilivyoingia na kuwasha uthibitisho wa hatua mbili.