Maswali Yenu: Kukabidhiana sanduku la kikoba

Vikoba vingi, yaani vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, vinavunja mwisho wa mwaka (wanachama wanagawana fedha) na kuchagua viongozi wapya, kwa hiyo barua za safari hii karibu zote zinahusu makabidhiano. Tumechagua nne. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu ndimo mambo mengi yanamoharibikia.

Shikamoo mhariri. Kikoba chetu kina watu 25 na juzi nimechaguliwa mweka hazina. Mzee aliyekuwa na nafasi hii ananiambia nipite kwake Jumapili jioni, tunywe chai, anikabidhi sanduku na madaftari yaishe. Ni mtu mwaminifu, tena jirani. Kuna ubaya? – Msomaji, Ifakara

Marahaba. Chai kanywe, ila sanduku usilipokee huko. Mwambie kwa heshima: "Mzee, naomba tukabidhiane mbele ya kikao, usije ukaulizwa jambo mimi nikiwa nimeshalifungua." Atakuelewa, maana utaratibu huo unamlinda yeye kuliko wewe.

Halafu jiulize: sanduku linafunguliwaje nyumbani kwake? Sanduku la kikoba lina kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na wanachama watatu wasio viongozi, wasiotoka nyumba moja. Kama mzee anaweza kulifungua peke yake, hilo ndilo la kurekebisha kwanza, hata kama hajawahi kugusa senti.

Siku ya kikao, wenye funguo wafungue wote watatu. Kabla noti haijaguswa, katibu asome salio la kikao kilichopita, na wanachama waseme kama ndilo wanalolikumbuka. Wengi huanza kwa kuhesabu, ndipo wasome daftari. Hapo ndipo tarakimu za daftari zinapoanza "kusomeka vibaya" na saba kugeuka moja ili hesabu zikubaliane.

Wahesabu fedha wawili waanze na mfuko wa jamii, yaani fedha za kusaidiana kwenye shida, ambao unatakiwa uwe kwenye mfuko wake wa kitambaa, kisha fedha za mikopo. Andikeni idadi ya noti kwa aina: za elfu kumi ngapi, za elfu tano ngapi, mpaka sarafu. Mkiandika jumla tupu na hesabu ikagoma, mtarudia kila kitu. Mkiwa na idadi, mnarudia bunda moja tu.

Sasa hesabu yenyewe. Tuseme hisa yenu ni shilingi 2,000 na zimenunuliwa hisa 3,120. Hizo ni 6,240,000. Ongezeni riba iliyolipwa, 412,000, na faini zilizolipwa, 38,000. Mnapata 6,690,000. Toeni mikopo ambayo bado iko mikononi mwa wanachama, 5,150,000 bila riba yake, na 20,000 mliyonunulia madaftari. Sandukuni inatakiwa kuwemo 1,520,000, mbali na mfuko wa jamii.

Mkikuta 1,485,000, kuna upungufu wa 35,000. Mzee asiingize mkono mfukoni kufidia, hata akisisitiza. Akifidia, kosa linabaki daftarini na mwezi ujao litakuwa lako. Tafuteni kwanza penye kawaida yake: faini iliyoandikwa kuwa imelipwa kumbe mtu alisema "nitaleta", mkopo mdogo uliotolewa baada ya sanduku kufungwa, msiba uliochangiwa kwa fedha za mikopo badala ya mfuko wa jamii, au rejesho moja lililoandikwa mara mbili, kwenye mkopo na kwenye riba. Isipopatikana, andikeni upungufu kama ulivyo, nani yupo na tarehe gani, na kikao kiamue. Zikizidi pia andikeni. Fedha iliyozidi mara nyingi ni rejesho la mtu ambalo halikuandikwa, naye siku ya mgawo atalidai.

Baada ya fedha, vitabu vya hisa. Hesabuni mihuri kwenye kila kitabu, muhuri mmoja ni hisa moja, mlinganishe na daftari kuu. Kwa watu 25 hiyo ni kazi ya kama saa moja, na ndiyo watu hupenda kuiruka. Msiiruke. Mtu alinunua hisa tatu, daftarini ikaandikwa nne: kwa kosa hilo moja hesabu yenu imeshakwenda kombo kwa 2,000. Angalieni pia muhuri unakaa wapi. Muhuri wa hisa, kidau cha wino na vitabu vyote vinakaa sandukuni, chini ya kufuli. Mwenye muhuri na kitabu chake nyumbani anaweza kujigongea hisa tano kabla ya kulala, na siku ya mgawo hakuna atakayeweza kuzitenganisha na za halali.

La mwisho ni mikopo. Someni kila mkopo: jina, tarehe uliyotolewa, kiasi, kilichobaki, tarehe ya mwisho. Mkopaji asimame aseme "ni kweli". Asiyekuwepo apigiwe simu, sauti ikiwa wazi kwa wote. Mkopo hewa hauonekani kwa kuhesabu noti. Unaonekana mtu anaposema, "Mimi? Mbona nilimaliza mwezi wa nane?"

Yote yakikubaliana, andikeni hati ya makabidhiano nakala tatu: ya mzee, yako na ya sandukuni. Iwe na kiasi cha kila mfuko, orodha ya mikopo, na vifaa kimoja kimoja: sanduku, kufuli tatu, muhuri, kidau, bakuli za kuhesabia, kalkuleta, madaftari, katiba. Mtie saini wewe, mzee, mwenyekiti, na wale wenye funguo watatu. Funguo nazo zibadilishe watu siku hiyohiyo, kama miaka yao imekwisha.

Kama bado mna nafasi ya kuchagua wakati, makabidhiano rahisi kuliko yote ni baada ya mgawo, mikopo yote imerudi na sanduku ni tupu. Hapo unakabidhiwa vifaa tu, na kama mfuko wa jamii haukugawanywa, na huo.

Hamjambo? Chama chetu hapa Voi kina akaunti ya benki yenye watia saini watatu, wawili wakisaini pesa inatoka. Mweka hazina amepata kazi Doha na anaondoka baada ya wiki mbili. Tumeshamchagua mwingine. Kuna haraka ya kwenda benki? – Katibu, Voi

Ipo, na wiki mbili hizo msizipoteze. Akiwepo, kazi ni ya asubuhi moja. Akishaondoka mtakuwa mkiomba saini kwa picha za WhatsApp ambazo benki hazipokei.

Benki itataka muhtasari wa kikao, barua ya chama, nakala ya cheti cha usajili, na za mtia saini mpya: kitambulisho, PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi ya Kenya) na picha za pasipoti. Pigeni simu kwanza kwenye tawi lenu mpate orodha yao kamili, kisha mwende pamoja, anayetoka na anayeingia.

Penye kukwama ni muhtasari. Vyama vingi huandika "tumemchagua fulani kuwa mweka hazina" na kuishia hapo. Karani wa benki akiusoma hivyo anaongeza mtu wa nne, na aliye Doha anabaki na saini inayotoa pesa. Andikeni mambo matatu waziwazi: anayeondolewa, jina na nambari ya kitambulisho, anayeingia, vilevile, na kwamba utaratibu unabaki saini mbili kati ya tatu. Majina yafanane na ya vitambulisho herufi kwa herufi. Mkimwandika "Mama Furaha" mtarudishwa.

Kuna kitu kingine ambacho hakitaandikwa kwenye barua yoyote: hundi zilizosainiwa kabla. Viongozi wanaosafiri hupenda kuacha hundi tatu nne zenye saini, eti za dharura. Ziombeni zote, zifuteni kwa kalamu kutoka kona hadi kona, na mziache kwenye kitabu cha hundi. Kama chama kinatumia benki ya simu, nambari yake iondolewe siku hiyohiyo. Hilo huwa na fomu yake peke yake, lisidhaniwe limo ndani ya mabadiliko ya saini.

Mweka hazina wetu amefariki ghafla. Michango yetu, kama 800,000, iko kwenye laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake. Mdogo wake anaijua namba ya siri na yuko tayari kututolea. Tuchukue? – Wanakikundi, Tunduma

Poleni kwa msiba. Msichukue. Laini imesajiliwa kwa alama zake za vidole, kwa hiyo mbele ya sheria fedha iliyomo inahesabiwa ni yake, na sasa ni sehemu ya mirathi. Mdogo mtu akiitoa leo kwa nia njema, kesho ndugu wengine wanaweza kumdai yeye, nanyi mkawa mmepokea mali ya marehemu.

Njia yake ni kumsubiri msimamizi wa mirathi, ambaye familia humpendekeza na mahakama, mara nyingi Mahakama ya Mwanzo, humthibitisha. Msiende msibani na madaftari. Baada ya siku za matanga, mwenyekiti na wazee wawili waende kwa familia na orodha ya michango, tarehe na miamala, waombe iingizwe kama deni la marehemu. Ujumbe wa miamala kwenye simu za wanachama wenyewe ndio ushahidi wenu mzuri kuliko wote, kwa hiyo asiwepo anayeufuta.

Tangu sasa fedha za kikundi zisikae kwenye laini ya mtu. Mitandao ina huduma za vikundi, kama M-Koba ya Vodacom, ambako kutoa fedha kunahitaji kuidhinishwa na zaidi ya mmoja.

Mama amekuwa mweka hazina miaka tisa na macho sasa yanamsumbua. Anataka nimrithi, na wenzake wanasema ni sawa kwa kuwa nimesoma uhasibu. – Binti, Kibaigwa

Hisa za mama unaweza kurithi au kuhamishiwa, katiba yenu ikiruhusu. Cheo hapana. Kwanza uwe mwanachama mwenye hisa zako, kisha ugombee kama wengine. Na makabidhiano kati yenu yasimamiwe na mtu asiye wa nyumba yenu, vitabu vikihesabiwa vyote, vya miaka yote ambayo daftari lipo. Uhasibu wako utakusaidia sana hapo, ila ukikuta kosa utalazimika kulitaja mbele ya mama yako. Kama hilo unaliona gumu, omba nafasi ya mhesabu fedha mwaka huu, na uweka hazina aushike mwingine.