Barua kwa mwanangu: Mwone mama yake kwanza

Mpwapwa, Jumapili jioni

Mwanangu Nyemo,

Mbukwa. Huku tu wazima, ila upepo hautuachi. Juzi umeng'oa bati la banda la kuku na kulitupa kwa jirani, na kuku wamehamia jikoni kwangu kama wapangaji wasiolipa.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, na picha nimeiona. Unaniuliza: "Mama, huyu German Shepherd mini, kwa kuwa ni mdogo, atakula kiasi gani kwa mwezi?" Unataka upige hesabu kabla hujamtumia huyo bwana wa Dar es Salaam laki tisa zake.

La chakula nitakujibu. Ila kwanza nikuulize mimi: mama yake yuko wapi? Kwenye picha naona kitoto ndani ya kapu, kimefungwa utepe mwekundu kama zawadi ya harusi. Mama simwoni. Unanijua. Mnyama hanunuliwi kwa sura ya utotoni. Mwone mama yake kwanza. Nimesema hivyo kwa ndama, nimesema kwa mbuzi, na usicheke, nilisema hata ulipotuletea habari za mkeo, tukapanda basi mpaka Kondoa kumwona mkwe wangu. Umejuta?

Haya, chakula. Mdogo anakula kidogo, hilo halina mjadala. Ila hesabu yako imehesabu kilo, haijahesabu saa. Vile vidogo kabisa, vya kilo mbili au tatu, vikikaa na njaa sukari ya damu hushuka upesi: kinalegea, kinayumba, kinaweza hata kuzimia. Kikiwa kichanga kinataka kula mara tatu mpaka nne kwa siku. Wewe unatoka Iyumbu hapo Dodoma alfajiri kwenda kazini Mtumba, mkeo ana zamu zake, na mjukuu wangu, somo yangu, ana miaka minne. Nani atakilisha saa nne, nani saa nane? Dada wa kazi? Umemuuliza?

Na huyo somo yangu ndiye anayenitia wasiwasi zaidi. Mbwa mkubwa humwangusha mtoto, mtoto akalia, yakaisha. Kwa hawa wadogo, mtoto ndiye anayemwangusha mbwa. Mifupa yao myembamba, akidondoka kutoka mikononi anavunjika mguu. Magoti nayo hayatulii, kile kifuniko cha goti huchomoka mahali pake, utamwona anarukaruka kwa miguu mitatu ukadhani anacheza. Meno yao ni yaleyale arobaini na mawili ya mbwa yeyote, yamesongamana kwenye taya dogo, na ya utoto mengine hayang'oki, yanaoza pale pale.

Sasa ngoja. Sitaki uone nasema kila mbwa mdogo ni mgonjwa. Siyo hivyo. Baba yako angenisuta.

Yeye alifanya kazi na ng'ombe wa Mpwapwa maisha yake yote pale kituo cha utafiti wa mifugo, na ng'ombe wa Mpwapwa ni mchanganyiko, tena mkubwa: Red Sindhi na Sahiwal kutoka Bara Hindi, zebu wa kwetu, na damu nyingine. Kazi ilianza kabla ya uhuru, na alipostaafu bado walikuwa wanachagua madume. Wanapima maziwa, wanaandika, ndama asiyefaa anaondolewa kundini. Alikuwa akisema kuchanganya siyo dhambi, dhambi ni haraka. Kwa hiyo nikikuambia "huyo ni chotara" sikutukanii mbwa. Mimi na baba yako tumekula kwa chotara.

Tena kuna mbwa wadogo waliotengenezwa kwa taratibu hiyo hiyo. Poodle ana saizi zake zinazotambulika, na ile ndogo si ya kubahatisha. Schnauzer mdogo ameanza Ujerumani tangu karne ya 19, walimchanganya yule mkubwa na mbwa wadogo, wakachagua kizazi baada ya kizazi, leo ana kitabu chake cha ukoo. Ukimnunua huyo unajua atafika wapi. Lakini German Shepherd mini hayumo kwenye vitabu vya ukoo vya Wajerumani wenyewe. Huko dume ni sentimita 60 mpaka 65 begani, kilo 30 mpaka 40, na jike sentimita 55 mpaka 60, kilo 22 mpaka 32. Aliye chini sana ya hapo amepatikana kwa njia nyingine.

Njia zenyewe siyo nyingi. Ya kwanza, wamempandisha na mbwa mdogo zaidi, mara nyingi Poodle. Hapo mzao mmoja unakuwa na watoto wa kila namna, huyu masikio yamesimama, huyu nywele zimejisokota, huyu anaishia kilo kumi na huyu ishirini na tano, na muuzaji mwenyewe hajui yupi ni yupi wakiwa na wiki nane. (Zile nywele za kujisokota kwa vumbi lenu la Iyumbu, na mbigili! Utakuwa unachambua mbwa kama mboga.) Ya pili, wamechukua kile kidogo kuliko vyote kwenye mzao huu, wakakipandisha na kidogo cha mzao mwingine, na watoto wao vivyo hivyo. Sasa kidogo kwenye mzao, mara nyingi kuna sababu kimekuwa kidogo. Ya tatu ni urithi wa miguu mifupi, mwili wa mkubwa juu ya miguu ya kigoda, na uti wa mgongo ndio unaolipa.

Na ile Doberman ndogo unayosema mkeo ameipenda, siyo Doberman. Ni Pinscher mdogo, ni mzee kuliko Doberman mwenyewe. Habari yake imo kwenye kile kitabu cha baba yako kisicho na jalada. Doberman ni kazi ya mtoza ushuru mmoja wa mji wa Apolda, Dobermann, mwishoni mwa karne ya 19, aliyetaka mbwa wa kumlinda akizunguka kudai kodi za watu. Baba yako alikuwa akifika ukurasa huo anacheka peke yake. Kwa hiyo mkeo akimtaka Pinscher, sawa, ana ukoo wake. Ila asimnunue akidhani ni kivuli cha mwingine.

Nimesema njia tatu. Kuna ya nne, na ndiyo sababu nimechukua kalamu badala ya kukupigia simu.

Jemadari unamkumbuka, lakini ulikuwa bweni, ulimwona likizo kwa likizo. Hukuyaona yote. Baba yako alimnunua Morogoro mwaka 2006, shilingi 80,000, zaidi ya nusu ya mshahara wake. Alimwingiza humu ndani kifuani mwa koti, ana wiki nane, masikio bado yamelala. Muuzaji alimwambia ni jamii ndogo ya German Shepherd, adimu, wenyewe wanaita "ya ndani". Nikamuuliza, mama yake umemwona? Akasema alikuwa amefungwa nyuma, ni mkali. Nikanyamaza, unajua ninavyonyamaza.

Mpaka miezi mitatu tulikuwa tunamsifu. Mdogo kweli! Miezi sita, bado vilevile. Mwaka, bado ana manyoya ya kitoto, laini kama pamba, na anabweka ile sauti nyembamba ya kitoto. Baba yako anajivuna, anawaonyesha watu kituoni: "Mmeona? Hazidi hapo." Kisha manyoya yakaanza kutoka. Kwanza shingoni, panapogusana na kola, kisha mbavuni, na ngozi ya chini ikawa nyeusi. Watoto wa jirani wakamwita Panya Buku.

Ndipo daktari wa mifugo mmoja, rafiki wa baba yako, akapita kunywa chai. Akamshika, akamfungua mdomo, akampapasa mbavu. Akasema taratibu, "Mzee, huyu si mdogo. Huyu amedumaa."

Neno lile lile wanalotumia kliniki kwa watoto wetu. Akaeleza: kuna tezi ndogo chini ya ubongo inayotoa kichocheo cha kukua, na ya Jemadari haikutengenezeka sawasawa. Ni ugonjwa wa kurithi, unajulikana kwa German Shepherd. Baba mzima, mama mzima, kila mmoja ameubeba bila kuonekana, wakikutana, kwa wastani mtoto mmoja kati ya wanne anatoka hivyo. Wiki nane za mwanzo huwezi kumtofautisha na ndugu zake. Baadaye ndipo wenzake wanakua na yeye anabaki, anafanana na mbweha mdogo, na mtu asiye na aibu anaweza kumuuza kwa jina zuri.

Hapo msimamo wangu unachechemea, nakiri mwenyewe kabla hujanishika. Tungemwona mama yake tungeona jike zuri, refu, manyoya yanang'aa. Asingetuambia kitu. Nimelifikiria hili miaka mingi nikiosha vyombo. Lakini tungewaona na ndugu zake, au wale wa mzao uliotangulia, tungeuliza mbona wote wakubwa na huyu tu anaitwa mini? Na muuzaji anayekuonyesha mama anajua utarudi. Kwa hiyo bado nasema mwone mama yake kwanza, ila sasa naongeza: na ndugu zake. Siku hizi kuna na kipimo cha vinasaba kinachowatambua wazazi waliobeba. Muulize huyo bwana wako kama amewapima. Asipolijua swali, umeshajibiwa.

Lakini sikuanza kuandika kwa ajili ya tezi.

Ilikuwa siku ya kipaimara cha dada yako. Ua umejaa, wakwe, wazee wa kanisa, wote. Jemadari akatoka chini ya meza, amebaki na manyoya kichwani na miguuni tu. Baba yako mkubwa akauliza kwa sauti, "Shemeji, hiki nacho ni nini?" Na mimi, mwanangu, mimi niliyenyamaza mwaka mzima, nikasema mbele ya watu wote, "Muulizeni bwana wangu. Ni mtaalamu wa mifugo. Amenunua udumavu kwa elfu themanini." Ua mzima ukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Baba yako hakusema kitu. Aliinama, akambeba Jemadari, akapita naye nyuma ya nyumba, hakurudi mpaka keki imekwisha kukatwa.

Baada ya hapo hakununua kitu tena bila kuniuliza. Hata kamba ya mbuzi. Watu waliniambia nina bahati, mume anayesikiliza. Mimi nilijua ni nini.

Na Jemadari? Alimtunza vile vile. Vidonge vya tezi ya shingo, ambayo nayo hutegemea ile ya chini ya ubongo, alivikata nusu kwa nusu na wembe. Julai, baridi ikishuka mlimani, mbwa hana manyoya, alimkatia sweta lake la kazini mikono, akamvalisha. Pikipiki ikiwa bado kule kwenye korongo, mimi sijasikia kitu, Jemadari ameshaanza ile sauti yake nyembamba. Mwaka wa nne figo zikamshinda. Tulimzika chini ya mkwaju, baba yako alichimba mwenyewe na hakutaka kusaidiwa. Sikumwambia samahani siku ile. Nikaona ni mbwa tu, nitasema siku nyingine, na baba yako ndiyo hivyo tena.

Kwa hiyo unaponiuliza kuhusu mbwa mdogo, mimi si mtu wa kuulizwa. Au labda ndiye hasa. Sijui. Nikikuambia usinunue, nitakuwa nimefanya tena yale ya kipaimara. Nikikuambia nunua, nitalala macho. Ninalo neno hapa mdomoni, Nyemo, na nalishika. Fedha ni zako na nyumba ni yako.

Ukiamua, nenda mwenyewe, usitume pesa kwa simu. Asiwe chini ya wiki nane. Kadi ya chanjo uione kwa macho, na ile ya kichaa cha mbwa achanjwe akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka, hata kama ni wa ndani na halali nje. Mbwa koko hawaombi ruhusa kuingia uani, na mdogo hana hata nafasi ya kuumwa mara mbili. Kupe mwangalie kila jioni, masikioni na katikati ya vidole. Na usidhani udogo wa mwili ni udogo wa akili: kama ana damu ya German Shepherd atataka kazi, asipopewa atamchunga somo yangu kwa kumuuma visigino.

Kola ya Jemadari nimeipata leo kwenye sanduku la vyeti vya baba yako. Sikujua kama aliiweka. Nimempa kijana wa Noah ya saa mbili, akuletee kesho stendi, mlipe nauli ya mzigo. Ina matundu matano, Jemadari alifika la pili. Kamba usiifunge hapo, koo la mbwa mdogo ni laini na hubonyea, mnunulie mkanda wa kifuani. Hiyo ni ya kuning'inizia jina tu, kama itamtosha.

Mama yako