Ua la karatasi la petali tano: shughulikia mkunjo kwanza, rangi itafuata

Kila nikipamba meza za mahafali au kipaimara hapa Mwanza, kuna mtu atanivuta pembeni aniulize yale maua ya karatasi nimeyanunua wapi. Nayakunja mwenyewe, na ningependa na wewe ujue.

Ninalolipenda kuliko yote ni la kusudama, yaani mpira wa maua ya karatasi, kutoka Japani. Kila petali hukunjwa peke yake kutoka mraba mmoja, kisha petali tano zinaunganishwa kwa gundi. Washika dini wa origami, ile sanaa ya Kijapani ya kukunja karatasi, hawataki gundi, ila kwa anayeanza ua hili lina huruma. Petali moja ikiharibika unakunja nyingine, wakati yungiyungi la karatasi moja ukilichana katikati ya kazi, unaanza upya.

Karatasi ndiyo inayowaangusha wengi. Watu hukimbilia manila kwa sababu inaonekana imara, lakini kwa petali ndogo ni nene mno, mkunjo unarudi wenyewe. Kalenda ya zamani inapasuka rangi kwenye mkunjo na gundi haishiki. Chukua A4 za rangi za kawaida, za gramu 80. A4 ina milimita 210 kwa 297, kwa hiyo ukikata miraba ya sentimita 7 unapata 12: maua mawili, na miraba miwili ya akiba. Pima kwa rula, tafadhali. Upande mmoja ukizidi hata milimita mbili, ncha hazitakutana. Mazoezi yafanyie kwenye gazeti la jana.

Sasa petali yenyewe. Weka mraba kona moja ikikutazama, inua kona hiyo hadi ya juu upate pembetatu. Kona ya kushoto na ya kulia zipandishe hadi kileleni. Utaona mabawa mawili yamekutana katikati. Kila bawa likunje nusu kwenda nje, ukingo wake wa katikati ulale juu ya ukingo wa nje. Lifungue, ingiza kidole ndani yake, litanue, kisha libonyeze mpaka lilale bapa katika umbo la tiara. Ncha itakayojitokeza ikunje kuja kwako, ilingane na ukingo. Halafu kunja kila tiara nusu kwa kufuata mstari uliokwisha kuwepo. Pembetatu mbili za nje zipake gundi na uzikutanishe. Hapo usibonyeze! Petali inatakiwa ibaki na tumbo.

Mkunjo mzuri unapigwa kwa ukucha wa dole gumba, kuanzia katikati kwenda pembeni, mpaka karatasi ing'ae kidogo pale ukucha ulipopita. Ua la karatasi nyeupe ya daftari lenye mikunjo mikali linapendeza kuliko la rangi ya dhahabu lililokunjwa kivivu. Hili nalisema kwa moyo wote.

Ukitaka kufuata michoro ya maua mengine, jua kwamba vistari vilivyokatika maana yake kunja kuja kwako, na vistari vyenye nukta katikati ni kunja kwenda nyuma. Utaratibu huo umejengwa juu ya kazi ya Akira Yoshizawa, bingwa wa origami wa Kijapani aliyefariki mwaka 2005, na umeenea dunia nzima, kwa hiyo hata maelezo yakiwa ya Kijapani utakunja.

Kwetu ziwani, upepo wa mchana ukianza kuvuma miraba yako yote itakuwa sakafuni, basi funga dirisha. Msimu wa mvua karatasi hunyonya unyevu na kulegea. Ihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko.

Kila petali ishike kwa kibanio cha nguo mpaka gundi ikauke, ndipo uziunganishe mgongo kwa mgongo. Ukitaka shina, penyeza kijiti cha mshikaki katikati kabla ya kubandika petali ya tano. Na ukifikisha maua 12, yabandike pamoja yawe mpira, upitishe uzi, uning'inize mahali ambapo jua la dirishani halifiki, maana rangi za karatasi hizi hupauka haraka.