Mbona siku hizi nasoma majina ya dawa fasta?

SWALI: Dada, habari za kazi. Mimi nipo duka la dawa huku Ngamiani, Tanga. Mwaka jana nilivyoanza, nikipewa karatasi ya daktari imeandikwa Metronidazole naenda kwenye shelfu nakata silabi kama mtoto wa la kwanza, me-tro-ni-da, mteja kanikodolea macho, aibu tupu. Siku hizi nikitupa jicho tu mkono ushafika kwenye boksi. Kozi ya dawa nilisoma ila ya kusoma haraka sijawahi, sasa kichwani kumetokea nini?

JIBU: Aibu ya nini mdogo wangu, hiyo me-tro-ni ndo iliyokufikisha hapo. Maandishi yana miaka kama 5,000 tu, ubongo haukuumbwa nayo, so mtu akijifunza kusoma kuna kasehemu upande wa kushoto, chini kwa nyuma, kalikokuwa na kazi ya kutambua vitu, kanapewa kibarua kipya cha maneno. Mtafiti wa ubongo, Mfaransa Stanislas Dehaene, kaandika sana haya mambo.

Neno geni linapita njia ndefu, herufi inageuzwa sauti, sauti zinaungwa, ndo unajua kumbe hii! Ukilipitia hivyo mara kadhaa mpangilio wa herufi zake unashikana na sauti na maana, baadae unalidaka lote kwa mpigo. Ni kama mgeni wa Ngamiani, huko barabara zinaitwa kwa namba, mwanzo anahesabu moja moja, ya sita, ya saba, ya nane, asipotee, akizoea anafika hata umeme umekatika. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown kule Marekani waliwafundisha watu wazima maneno 150 ya kubuni, hayana maana yoyote, na baada ya mazoezi kale kasehemu kakaanza kuyachukulia kama maneno ya kweli kabisa.

Rangi ya boksi nayo inakubeba, usijisifu sana, kiwanda kikibadilisha pakiti utaona.

Ila kasi hiyo ina mtego. Kuna Chlorpromazine ya wagonjwa wa akili na kuna Chlorpropamide, ya zamani ya kisukari, mwanzo wake ni ule ule, jicho lililozoea likishaona mwanzo linamalizia lenyewe. Hapo rudi kwenye silabi zako, klo-ro-pro-ma, klo-ro-pro-pa, hata kwa sauti, mteja akikodoa macho mwache akodoe.