Laptopu imegoma kuwaka baada ya apdeti? Usikubali ifomatiwe kwanza

Kwanza niseme mimi si fundi. Kazi yangu ni kuweka hesabu za nyumba za wageni, mbili ziko huku Lamu mtaa wa Langoni na moja Shela, na kila mwisho wa mwezi nakaa na laptopu mpaka mgongo uume. Sasa ilikuwa mwezi wa saba, kusi imechachamaa, stima inakwenda inarudi kama mtu asojua aendako, na mimi nshaingiza risiti za mwezi mzima nkasema nizime nikalale. Ile menyu ya kuzima ikaniambia apdeti alafu uzime. Nkabonyeza tu, nani husoma hizo?

Betri yangu ilikuwa ishakufa zamani, laptopu inaishi kwa chaja kama mgonjwa wa dripu. Apdeti ilipofika asilimia 61, stima ikakatika mtaa mzima.

Iliporudi nkawasha. Nembo ikatokea, vinukta vinazunguka, ikaandika kwamba inarudisha mabadiliko nyuma. Hapo ndo nlipofanya kosa la pili na hili wengi hulifanya, nlingoja kama dakika kumi nkaona haisongi nkaizima kwa nguvu, nkawasha, nkazima tena. Kumbe ilikuwa inajitibu masikini. Mashine yenye diski ya zamani, ile ya kuzunguka, hiyo kazi inaweza kuila masaa mawili matatu. Ukiona taa ya diski bado inapepesa iwache, chomeka chaja, nenda kaswali, nenda sokoni, lala. Mimi nlivoikatiza ikawa haiji tena kabisa, nembo, giza, nembo, giza, mpaka alfajiri.

Asubuhi nkaibeba kwa fundi mmoja. Akaitizama, dakika tano hazikufika, akasema hii ni ya kufomati, elfu mbili na mia tano, njoo jioni. Nkamuuliza na kazi zangu? "Hizo zishaenda, dada."

Hazikuwa zimeenda kokote. Na hili ndilo linalonifanya niandike leo, manake nshaona watu wanapoteza picha za harusi na vitabu vya hesabu kwa neno hilo moja. Apdeti inabadilisha mafaili ya mfumo wenyewe, yale ya Windows. Ikikatizwa katikati unabaki na nusu mpya nusu kuukuu, hazielewani, mashine inashindwa kusimama. Lakini picha zako, barua zako, eksel zako ziko folda nyingine kabisa, ile ya Users, na apdeti haina shughuli nayo. Kufomati ndo kunazifuta. Yaani hapo ugonjwa haujaua kitu, dawa ndo inataka kuua. Nkamwambia ahsante, nkaweka laptopu yangu kwenye kikapu nkarudi nyumbani.

Kabla hujaenda mbali, hakikisha kweli ni apdeti. Ukibonyeza pawa na hakuna taa, hakuna feni, hakuna chochote, hiyo si apdeti, angalia chaja, angalia pale chaja inapoingia. Sisi wa kisiwani hewa ya chumvi inatulia vyuma, nshawahi kuona laptopu ya jamaa wa Matondoni imeota kutu ya kijani kwenye meno ya ramu, kile kibao cha kumbukumbu, akasuguliwa kidogo na raba ya penseli ikawaka. Kama feni inazunguka na nembo inatokea alafu inakwama, hapo sawa, tuendelee.

Kitu cha kwanza rahisi: toa chaja, toa fleshi, mausi, kila kilichochomekwa, betri kama yatoka itoe pia, shikilia kitufe cha pawa kama nusu dakika, rudisha chaja peke yake uwashe. Kwangu haikusaidia. Jaribu tu, haina gharama.

Alafu unataka kufika kwenye ile skrini ya bluu ya matengenezo. Windows 10 na 11 zikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo huja zenyewe huko. Zikikataa, zilazimishe: washa, nembo ikitokea tu shikilia pawa mpaka izime, rudia, mara ya tatu iwache iendelee. Najua nimetoka kukwambia usiizime kwa nguvu. Ile ilikuwa bado inafanya kazi, hii imeshashindwa, ndo tofauti. Ukifika utaona "Troubleshoot", ingia, alafu "Advanced options". Karibu kila kitu utakachohitaji kiko hapo.

Na hapo ndipo mimi nlipokutana na mlango wa chuma. Ikaniuliza namba 48 za BitLocker, ile kufuli ya diski ya Windows. Mimi sijawahi kuweka hiyo kitu! Kumbe mashine nyingi za siku hizi zinakuja diski imefungwa kwa siri tangu ulipoingia na akaunti ya Microsoft, wewe huna habari. Usijaribu kubahatisha, namba 48 hazibahatishwi. Chukua simu, ingia aka.ms/myrecoverykey kwa ile imeili uliyoanzia laptopu, utazikuta. Kama zipo za mashine zaidi ya moja, linganisha herufi za mwanzo za kitambulisho kilichoandikwa kwa skrini. Mimi imeili nlikuwa naikumbuka, paswadi ndo ilinitoa jasho, ikabidi nitumiwe namba ya kuthibitisha kwa laini ambayo nshaitupa... hiyo hadithi niiwache, nliifungua baada ya siku moja na nusu.

Sasa sikiliza, usianze kutengeneza. Toa kazi zako kwanza. Kuna ujanja mmoja ambao nlioneshwa na kijana wa saiba na mpaka leo naona kama kiinimacho. Pale kwenye Advanced options ingia "Command Prompt", kile kidirisha cheusi. Usiogope. Andika notepad ubonyeze enta. Itafunguka ile programu ya kuandikia. Nenda File, Open, na pale chini palipoandikwa aina ya mafaili chagua yote. Umeona? Hicho kidirisha cha kufungulia faili ni mlango wa kompyuta nzima, ingia This PC, tafuta diski yenye folda ya Users, ingia kwenye jina lako, bonyeza kulia kwenye folda unayotaka, kopi, nenda kwenye fleshi, pesti. Usishtuke kwamba haikuoneshi inakopi, inaganda tu kama imekufa, iwache itamaliza. Mimi folda ya hesabu ilikuwa ndogo, ya picha ndo ilinikalisha mpaka adhuhuri. Na kama una video kubwa za harusi, fleshi iliyofomatiwa kwa FAT32 haipokei faili la zaidi ya GB 4, tumia ya NTFS au exFAT.

Nlivoona hesabu za Julai ziko kwenye fleshi, wallahi nkashusha pumzi. Baada ya hapo hata ikiungua ni shauri yake.

Matengenezo sasa. Kwenye zile Advanced options kuna "Uninstall Updates", ina vitu viwili, ya kwanza inatoa apdeti ndogo ya mwisho, ya pili inatoa ile kubwa ya kubadilisha toleo zima. Anza na ya kwanza. Watu wengi hupona hapo hapo. Yangu ikasema haiwezi, kwa sababu apdeti yenyewe haikuwahi kumaliza kuingia, utaitoaje kitu kiko nusu mlangoni? Dawa yake ikawa hii amri, nkarudi kwenye kidirisha cheusi nkaandika:

dism /image:D:\ /cleanup-image /revertpendingactions

Hiyo inaiambia mfumo usahau yote yaliyokuwa yanasubiri kuingia, urudi ulipokuwa. Angalia hiyo D. Mashine ikiwaka kawaida Windows inakaa C, lakini ukiwa kwenye matengenezo herufi hubadilika, kwangu ilikuwa D, kwako inaweza kuwa C au E. Andika dir C: uone kama folda ya Windows na Users zipo, kama hazipo jaribu dir D:, hivo hivo mpaka uzipate. Mimi mara ya kwanza niliandika C ikanijibu makosa matupu, nkadhani nimeharibu.

Ikakubali. Nkarestati, vinukta vikazunguka kama robo saa, safari hii nimekaa mikono nyuma sigusi kitu, ikafunguka na picha yangu ya jahazi vile vile.

Kama hizo zote zimegoma, au hata ile skrini ya bluu haiji, utahitaji fleshi ya kuwashia, ya GB 8 au zaidi, inayotengenezwa kwenye kompyuta nyingine kwa programu ya bure ya Microsoft. Lakini inavuta magiga kadhaa na bando langu nalijua, kwa hiyo nkamwomba binamu yangu wa Malindi akaifanya kazini kwao, akaitia kwenye bahasha ikaja na basi mpaka Mokowe, ikavuka na boti ikanifikia Mkunguni. Yangu ishapona lakini fleshi ilimfaa shemeji wiki ya pili. Unawasha ukibonyeza kitufe cha kuchagua pa kuwashia, Dell na Lenovo nyingi ni F12, HP ni F9, na ikifunguka usiende kuinstoli, tafuta palipoandikwa "Repair your computer" au "Repair my PC". Kwenye ile "Troubleshoot" ya mashine yenyewe kuna pia "Reset this PC" ya kubakisha mafaili yako, ila programu ulizoweka mwenyewe zitaondoka zote, kwa hiyo naiweka mwisho kabisa.

Tangu hapo nimenunua betri. Ningenunua mapema ningelala usiku ule. Waifai ya nyumbani nimeiwekea alama kwamba ni ya kulipia, ile "metered", basi apdeti haziingii kiholela, na mwisho wa mwezi nazisimamisha, Windows 11 inakuruhusu mpaka wiki 5. Usizifunge moja kwa moja lakini, zinaziba matundu ya wezi. Ambao bado mko Windows 10, apdeti za bure za kawaida ziliisha tarehe 14 Oktoba 2025, hilo ni balaa la aina nyingine.

Na zile namba 48 nimeziandika kwenye karatasi, nkaitia kwenye kasha la mama pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Juzi ameikuta anapekua, akaniuliza namba ndefu hivi za nini. Nkamwambia ni ufunguo. Akanitizama, akauliza, wa mlango gani?